Seli ya Shavu Mwezi wa Mfungo

"Fungua mdomo, Danang. Nimesema fungua!"

"Mwalimu, nimefunga."

"Kwani nakulisha? Pitisha kijiti ndani ya shavu, basi, kazi imekwisha."

"Na nikimeza uchafu wa kijiti? Swaumu yangu utanilipia wewe?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu wao Bu Ning, yaani Bi Ning, akakiweka kijiti mezani kabla hajamchoma nacho mtu. Watoto hawa hawa walikuwa wakitema mate tangu asubuhi, ukuta wa nje umelowa, eti wanalinda swaumu. Lakini shavu likwaruzwe kidogo, hapana, dini imeharibika! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

"Mnaposukutua kwenye udhu, swaumu huwa inakwenda wapi?"

"Yale ni maji, Mwalimu. Hivyo vijiti umevitoa kwa mama muuza supu ya bakso. Vinanukia supu!"

Siku nyingine angecheka. Leo hakuwa na meno ya kuchekea. Nyuma ya darasa, kwenye dirisha linalotazama mashamba ya mpunga, alikuwa ameketi Pak Sudarmadi, yaani Bwana Sudarmadi, mkaguzi kutoka wilayani, mzee mwenye uso wa mtu aliyekosa kahawa yake. Alikuja kuamua kama Bu Ning, mwalimu wa mkataba tangu hajaolewa mpaka sasa ana binti wa sekondari, apewe ajira ya kudumu au aendelee kubembeleza mkataba mpya kila Julai. Na mwalimu mkuu, mtu mzima na akili zake, akaona siku ya kufaa ni katikati ya Ramadhani, kwenye somo la seli ya shavu. Wakati seli ya kitunguu waliitazama juzi tu, bila ugomvi na mtu!

Mwishowe akajikwaruza shavu lake mwenyewe. Akapaka kwenye kipande cha kioo, akadondoshea rangi ya buluu, akafunika, akageuza kijioo cha hadubini mpaka kikadaka jua.

"Haya, njooni. Mchore mnachokiona, si kilichomo kitabuni. Seli ya kitunguu ina ukuta. Ya shavu haina, ina utando mwembamba tu, na kiini ndani. Mkiona duara lenye ukingo mweusi mnene, hicho ni kiputo cha hewa. Hewa, jamani! Nisikione kwenye daftari la mtu."

Wa kwanza akachora kiputo. Wa pili, kiputo. Danang akachora kiputo, akakitilia na kiini.

"Kiini cha hewa, Danang? Wewe mtoto utaniua."

Aliyeiona seli yenyewe ni Lastri peke yake, msichana wa dawati la mwisho ambaye sauti yake husikika siku ya kuitwa majina tu. Aling'ang'ania hadubini mpaka wenzake wakaanza kumsukuma. Kisha akachora kitu hafifu, kimepindapinda kama kiazi, kiini kimekaa upande.

"Mwalimu, mbona yangu si duara? Nimekosea?"

"Hujakosea. Ndivyo ilivyo. Usiiguse tena." Bu Ning alifurahi mpaka akasahau kwamba ana mgeni.

Ndipo mgeni akainuka. "Hebu na mimi nione."

Pak Sudarmadi akavua miwani, akainama, akakisukuma kioo kwa kidole gumba, huku, kule. Bu Ning alitaka kumwambia asikiguse, akajizuia.

"Ahaa! Hii hapa. Duara safi, na ukuta wake mweusi, mnene. Watoto, hii ndiyo seli ya shavu. Hongera, Bu."

Macho yote yakamgeukia Bu Ning.

"Au siyo, Bu?" Mkaguzi alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza, kalamu tayari mkononi.

Mkubwa hasahihishwi mbele ya watoto. Hilo Bu Ning alilijua kabla hajajua kusoma. Lakini kuna kusema kwa kuzunguka: labda imejificha, Pak, ngoja nikutafutie nyingine. Maneno yalikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Akaikumbuka Julai.

"Ndiyo, Pak," akasema. "Ndiyo yenyewe."

Mkaguzi akaandika, akawatakia watoto swaumu njema, akatoka. Mwalimu mkuu, aliyekuwa akimngoja mlangoni, akamwonyesha Bu Ning dole gumba. Ajira imepatikana. Hasira zikampanda, na hakujua amkasirikie nani.

"Malizieni michoro!" Alifoka bila sababu.

Akapita kati ya madawati. Danang alikuwa anakikoleza kiputo chake, wala hakutania.

Kwenye dawati la mwisho Lastri alikuwa ameinamia kifutio. Alifuta polepole, kwa uangalifu, asije akachana karatasi, mpaka seli yake ikatoka yote. Kisha akachukua bikari, akaichomeka katikati ya ukurasa, akaanza kuzungusha duara.