Gari Linalotembea Kiupande

Baba alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, rimoti mkononi, akiyalenga mawe. Alizungusha usukani wa rimoti kwa kidole gumba, akaurudisha, akangoja. Juu ya mawe hapakuwa na kitu zaidi ya jua na soksi moja iliyoanguka kutoka kwenye kamba ya nguo. Rimoti yenyewe haikuwa na betri.

"Limekwama," aliniambia bila kugeuka. "Lisukume kidogo, mwanangu."

Moyo ulinipiga, halafu nikaukemea. Neno hilo lilikuwa limeacha kunisaidia siku nyingi. Muuza maji alikuwa mwanangu, daktari alikuwa mwanangu, na yule kijana aliyekuja kusoma mita ya umeme naye aliitwa mwanangu akaitika vizuri tu. Nilikuwa nimejifunza kulisikiliza kama mtu anavyosikiliza hodi kwenye nyumba yenye wapangaji wengi, nikijiuliza kama ni mlango wangu au wa jirani. Siku hiyo haukuwa wangu. Nikaenda kuokota soksi.

Gari alilokuwa akiliendesha hewani lilikuwa ndani ya boksi chini ya kitanda chake. Ni gari la rimoti, refu kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidoleni, lenye matairi manene na tumbo lililoinuka, lililoundwa kwa kazi moja tu ya kupanda mawe. Halikimbii. Ukilitaka mbio utalichukia siku hiyohiyo. Baba, aliyemaliza ujana wake juu ya kreni akishusha nondo na mabati katikati ya watu bila kumgusa hata mmoja, alilipenda kwa huo upole wake. Alikuwa akirudi kutoka kazini na mawe kwenye mkoba, leo moja, kesho jingine, mpaka ua wetu ukawa mlima mdogo. Marehemu mama alizoea kusema kwamba waume wa wenzake huleta masofa.

Na mimi nilikuwa msaidizi wake, mtoto wake wa pekee. Ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya mambo kwa utaratibu wake wenyewe. Ulianza na ya asubuhi ileile, ukaja ya mwaka jana, ukamwondolea habari kwamba mama amekufa, kisha ukanifikia mimi. Lakini gari haukuligusa. Kila siku aliliulizia. Nikajiambia kwamba kama gari limebaki humo kichwani, basi hata mimi sijaenda mbali, nitakuwa pembeni yake tu. Nilitaka anijue. Mara moja ingenitosha. Baada ya hapo ugonjwa ungechukua kilichobaki nami nisingeulalamikia.

"Unajisumbua," alisema shangazi, dada yake baba, aliyehamia kwetu ili amtunze ninapokuwa kazini. Alikuwa akikunja nguo, akaninyang'anya ile soksi. "Jana kaniita mama. Mimi, mdogo wake wa mwisho. Nikaitika, nikampa uji, akanywa. Na wewe itika tu."

"Sitaki kuitikia jina la mtu mwingine, shangazi."

"Basi utakaa bila jina."

Shangazi hajui kuremba maneno. Nilimnunia siku nzima, naye hakuonekana kupata hasara yoyote.

Nililifungua gari juu ya meza ya sebuleni. Lilikuwa na hali mbaya. Skrubu zilikuwa zimeshikana na kutu, matairi yamekauka na kupasuka kama visigino, grisi ya kwenye giaboksi imeganda mpaka nikaikwangua kwa bisibisi. Mota yake ya zamani, ya kaboni, ilitoa harufu ya moshi kabla hata sijaiunganisha na umeme. Mtu mwenye busara angelisafisha, akatia betri, akampa mzee gari lake. Mimi sikuambilika. Nilitaka lipande kuliko lilivyowahi kupanda. Nikaweka mota mpya isiyo na kaboni, kimya na yenye nguvu. Nikatoa gia za plastiki, nikatia za chuma. Nikavisha matairi laini yanayolikumbatia jiwe. Betri niliisogeza mbele, karibu na pua, gari lisije likapinduka kinyumenyume kwenye mwinuko. Rimoti niliiachia ganda lake la zamani kwa kuwa mikono ya baba inalijua, nikaibadilishia matumbo.

Kwenye ekseli ya nyuma ndipo nilipojimaliza.

Ekseli hiyo hushikwa na fimbo za chuma, mbili juu na mbili chini, na hizo ndizo miguu yake. Sasa, kazi yangu mimi ni miguu. Natengeneza miguu bandia kwenye karakana ya hospitali, kutwa nzima nawatazama watu wakitembea kutoka ukuta huu hadi ule. Nimeharibika macho kabisa. Siwezi kupishana na mtu anayechechemea barabarani nisimpime: nyonga ya kushoto, sentimita moja, kiatu kimeliwa upande wa nje. Mtu akiletwa kwangu anayumba, hatoki mpaka atembee sawa, hata kama atanitukana, na wengine hunitukana kweli. Basi nilipozipima zile fimbo nikakuta moja ya chini ni fupi kuliko mwenzake. Tena ilikuwa ya chuma cha aina nyingine, imekatwa ovyo, ncha zake zimepigwa tupa na mtu asiyejua tupa inashikwaje. Nilicheka peke yangu. Nikasema, baba naye, miaka yote hii anaendesha kilema. Nikafunga fimbo mpya za aluminiamu, zote sawasawa, na ile fupi nikaenda nayo kazini nikaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Vyuma hivyo huchukuliwa kila wiki vikayeyushwe.

Nililijaribu mwenyewe kwanza, kwenye ngazi za karakana. Lilipanda limenyooka kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Nilijiona fundi wa mafundi.

Jumamosi mchana tulitoka uani. Shangazi naye alileta kigoda, ingawa alidai amekuja kuchambua mchele. Nikaliweka gari chini ya mawe, nikampa baba rimoti, na vidole vyake vikajipanga vyenyewe mahali pake. Gari lilianza kupanda, bila kelele, tairi moja baada ya jingine likijitafutia pa kushika. Lilifika kwenye jiwe kubwa la kando ya ukuta, lile tulilokuwa tukiliita Bosi kwa sababu lilimkataa kila mtu. Likampanda Bosi moja kwa moja mpaka kichwani.

Shangazi alipiga makofi, mchele ukamwagika. Baba hakupiga makofi. Alilishusha gari, akalipandisha tena, akalishusha. Kisha akaniwekea rimoti mapajani kwa mikono miwili, kama mgeni anayerudisha kikombe.

"Fundi," aliniambia, "kazi yako ni nzuri, sikatai. Lakini umeniletea gari la mtu."

"Ni lako, baba. Nimelitengeneza tu."

"Letu linatembea kiupande. Hili limenyooka."

"Lilikuwa na fimbo fupi huku nyuma," nilisema. "Ndiyo iliyokuwa inalipindisha. Nimeitoa."

Ndipo aliponitazama. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Alikuwa na ile huzuni ya adabu ya mtu ambaye nguo yake imeunguzwa na dobi mpole.

"Ile fimbo aliikata binti yangu," alisema. "Ya kwanza ilivunjika nikiwa kazini. Akachukua chuma cha breki ya baiskeli, akakikata, akakipiga tupa, akafunga mwenyewe, na kimo chake hakijaizidi meza. Ikawa fupi. Alilia sana alipoliona linakwenda upande. Nikamwambia sitaigusa, liko sawa hivyohivyo, mimi ndiye nitakayejifunza kuliendesha. Na nikajifunza. Unakata usukani kulia kidogo, muda wote." Akatikisa kidole gumba kuonyesha. "Sasa akirudi kutoka shule nimwambieje?"

Nilikuwa nimesahau. Mimi mwenye akili zangu timamu, ninayemwandikia daktari kila jambo analolisahau baba, nilikuwa nimesahau. Tena hata alipomaliza kusimulia sikukumbuka. Nilijipekua huku na huku nikitafuta breki ya baiskeli, tupa, kile kilio, sikupata hata harufu yake. Mgonjwa alikuwa nacho chote, na mzima hakuwa na kitu.

"Baba," nilisema, "binti yako ni mimi."

"Ndiyo, ndiyo," alijibu haraka, akitabasamu vile mtu anavyomtabasamia aliyemsalimia njiani kwa furaha naye hamkumbuki. Hakutaka kuniaibisha. Nimetukanwa na watu wengi maishani, lakini hakuna tusi lililonichoma kama adabu ile.

Niliingia ndani, nikajifungia chooni, nikalia huku nimefungulia bomba. Shangazi alinisubiri mlangoni. Nilidhani atanipiga kwa mojawapo ya maneno yake, lakini alinipa kanga yake nijifute uso, akarudi kwenye mchele.

Jumatatu nililikimbilia lile pipa kabla sijavaa koti la kazi. Lilikuwa limefagiliwa mpaka chini. Kilichobaki ni kipimo, maana vilema vya watu havinitoki kichwani, na hicho kilikuwamo. Nikaomba chuma cha breki kwa fundi baiskeli wa karibu na hospitali, nikakibana kwenye jiliwa la karakana. Mkono ulikataa. Kila nilipoweka msumeno kwenye alama ya ufupi, mkono uliusogeza kwenye alama ya usawa, kwa mazoea. Mwishowe nilikata nikiwa nimeuma meno. Ncha nilizipiga tupa kwa mkono wa kushoto ili zikae ovyo. Mzee mmoja aliyekuja kujaribishwa mguu alinitazama kwa muda, akaniuliza kama na mimi ni mwanafunzi hapa. Nikamjibu ndiyo.

Jioni, jua likiwa bado linawaka juu ya ukuta, nililiweka gari chini ya mawe tena. Nilipiga magoti kwenye vumbi karibu na kiti chake, nikampa rimoti.

Gari lilijivuta. Nyuma yake ilikwenda kushoto, pua ikabaki kulia, likapanda jiwe la kwanza kwa ubavu kama mtu anayepita katikati ya viti vya watu waliokaa. Ilikuwa aibu kulitazama. Mwili wangu wote ulitaka kuinuka ulinyooshe. Lakini kidole gumba cha baba kilikuwa kimeshakata kulia, kidogo tu, kikabaki hapo.

"Ndilo hili," alisema.

Alicheka. Sijui ni lini mara ya mwisho nilimsikia akicheka hivyo, kutoka tumboni, mabega yakitikisika. Alilipeleka kwa Bosi, Bosi akalikataa, akalirudisha, akalipeleka tena. Alilisemesha. Alilionya kuhusu kokoto. Alinieleza, bila kuulizwa, jinsi upepo unavyoitikisa kreni na kwa nini usishindane nao. Alikuwa amerudi mzima, na sauti yake, na ubishi wake, na ile tabia ya kutoa ncha ya ulimi anapokata kona. Kila kitu kilikuwapo. Nilikaa nikingoja zamu yangu katika hivyo vitu.

Ilipochelewa, nikabisha hodi mwenyewe.

"Binti yako yukoje?"

"Binti yangu?" Aliliacha gari katikati ya mwinuko, akashusha rimoti. "Ana hasira za karibu. Akikosea hataki kusaidiwa, anataka kukosea tena mwenyewe." Akafikiri, akiwa bado na tabasamu. "Ana mikono mizuri. Hajui bado, lakini anayo. Mimi simsifu sana, mama yake anasema ninamharibu. Lakini nikiwa kule juu ya kreni, jioni, nikiona taa za nyumba zinawaka, huwa naitafuta yetu, najua yuko hapa ananingoja na hili gari lake."

Nilitaka kusema nipo. Neno lilifika kwenye meno, nikakumbuka ile ndiyo, ndiyo yake, nikalimeza.

"Nilikuwa sijui hilo," nilisema.

"Utajuaje, wewe fundi wa watu." Alinigusa bega kwa upole. "Una haraka?"

"Sina."

"Basi mngoje. Atakuja sasa hivi, umwonyeshe kwamba umeirudisha fimbo yake. Atafurahi." Alilitazama vumbi nilipokuwa nimepiga magoti, akasita kidogo, kama anayeona haya kumsumbua mgeni. "Ila sogea upande ule, tafadhali. Hapo ndipo anapokaa."

Niliinuka, nikajipangusa magoti, nikasogea hadi ukutani. Tukakaa wote wawili, tukilitazama geti.