Dhoruba ya Siku ya Barafu

Uliona, ukageuza uso. Ubao wa uwanja wa ndege wa Schiphol uliandika "imechelewa", ukaandika tena, na wewe ukainamia simu yako kama mtu aliyedondosha sindano. Ukala mkate wa jibini waliokugawia, ukasema ahsante. Baadaye wakakuandikia kwamba ilikuwa "hali isiyo ya kawaida", ukasema basi, yameisha. Nawajua watu wa aina yako, nimeishi nao maisha yangu yote. Mashirika ya ndege yananenepa kwa uvivu wenu.

Jirani yangu hapa Haarlem, Bi Aukje Terpstra, si wa aina hiyo. Ni mjane wa Kifrisia, watu wa kaskazini mwa Uholanzi, mwenye wazimu mmoja tu: barafu. Mifereji ikiganda, humwoni nyumbani. Mwaka mmoja aliwaacha wageni wa sikukuu ya kuzaliwa ya mwanawe wameketi duara sebuleni, akatoka na viatu vya kutelezea kwapani. Mwana huyo, Jurriaan, alikuwa mtoto mdogo. Alijikatia keki mwenyewe, na hakusahau.

Kwa hiyo Jurriaan alipotangaza kwamba anamwoa Filipa huko Lisbon, mwezi wa pili, alimwambia mapema: "Mama, usije ukaniletea habari za barafu."

Na asubuhi ile ile ya harusi ndipo maji yalipoganda sawasawa, baada ya miaka mingi ya matope. Nchi nzima iliacha kazi. Walimu, madaktari, mafundi bomba, wote barafuni. Bi Aukje akaipa barafu kisogo, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akavaa gauni la buluu akaenda kupanda ndege.

Ndege haikuondoka. Aliketi dirishani saa tano nzima akiwatazama watu wakiteleza kwenye mitaro ya mbali, na yeye roho inamwaka moto. Wahudumu wakasema ni dhoruba. Alipofika Lisbon ndoa ilikuwa imeshafungwa.

"Ndege ilichelewa, mwanangu. Dhoruba."

Jurriaan akamwonyesha simu: picha walizomtumia rafiki zake kutoka nyumbani. Jua, mbingu safi, moshi wa dohani umesimama wima. "Dhoruba gani hii, Mama? Na mashavu yako mekundu hivi. Ulizunguka mara ngapi kabla ya kunikumbuka?"

Tangu siku hiyo hakumpigia simu.

Hapo nikaingia mimi. Nikamwambia, "Bi Aukje, ndege ikikufikisha umechelewa saa tatu au zaidi, ni fidia. Kwa Lisbon ni euro mia nne. Sheria hii ninaijua kuliko njia ya kwenda chooni."

"Sitaki mia nne yao. Nataka waseme nani alichelewa."

Tukadai. Wakajibu: upepo mkali. Tukadai tena: upepo mkali, pamoja na salamu njema. Tukawapeleka kwa hakimu.

Siku ya kesi, wakili wao alitungoja kwenye korido. Kijana mtanashati, Bwana Diepeveen, amepaka mafuta nywele mpaka zinang'aa.

"Mama, tusichoshane. Mia nne yote, leo hii, na gharama zako za mahakama. Unatia saini hapa, tunakwenda kunywa kahawa."

"Na karatasi hiyo inasema kwa nini ndege ilichelewa?"

"Hapana, mama. Haisemi chochote. Ndiyo uzuri wake."

"Basi kanywe kahawa peke yako, mwanangu."

Nilitamani kumbusu. Nimeona watu wazima, wenye masharubu, wakilainika kwenye korido ile kwa nusu ya pesa hizo.

Ndani, hakimu aliisoma barua ya shirika, akarudia kuisoma, akavua miwani. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuchoka.

"Bwana Diepeveen, upepo mkali tarehe hii?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Dhoruba."

"Tarehe hii si ile siku ya barafu?"

Karani akaacha kuandika.

"Naomba niulize," hakimu akasema, "maana jambo linalojulikana na kila mtu halihitaji shahidi. Humu ndani, nani alikuwa barafuni siku ile?"

Akanyoosha mkono wake kwanza. Karani akanyoosha. Mlinzi wa mlangoni akanyoosha. Mume na mke waliokuja kwa kesi yao ya uzio wakanyoosha, na mume akaongeza, "Tulikunywa na supu ya njegere, Mheshimiwa, hakuna hata kijiko kilichopeperuka!" Nami nikanyoosha. Na mkono wa Bwana Diepeveen, nakuapia, ulipanda wenyewe mpaka usawa wa sikio kabla hajaukumbuka. Akajifanya anajikuna.

"Ulipata upepo, Bwana wakili?"

"...Hapana, Mheshimiwa. Ilikuwa siku nzuri sana."

Mtu mmoja tu hakunyoosha mkono. "Mimi nilikuwa Schiphol," Bi Aukje akasema. "Peke yangu katika Uholanzi nzima."

Hakimu akamgeukia kijana. "Haya, dhoruba tumeimaliza. Nini kiliichelewesha ndege?"

Diepeveen akapekua makaratasi, akashusha pumzi. "Rubani msaidizi, Mheshimiwa. Alivunjika mkono asubuhi ile. Ilibidi atafutwe mwingine."

"Alivunjikia wapi?"

"Barafuni."

Mlinzi alilazimika kutoka nje kucheka. Hakimu mwenyewe alijificha nyuma ya leso, kisha akasema kwamba mfanyakazi akiumia ni shida ya mwajiri wake, si ya abiria, na kwamba hukumu itaandikwa hivyo, na barafu yake.

Hukumu ilipotoka, Bi Aukje hakusoma kiasi cha fidia. Aliipiga picha akaituma Lisbon. Simu ikalia kabla hajavua koti.

"Mama? Kwa hiyo ni rubani?"

"Ni rubani."

"Na wewe ulikuwa umekaa tu? Unaitazama barafu?"

"Nimekaa tu, mwanangu. Niliitazama mpaka macho yakauma."

Nami, niliyekuwa kando yake, nilisikia Jurriaan anavuta kamasi. "Njoo Pasaka," akasema. "Filipa anakuulizia kila siku."

Nawe? Walikuandikia dhoruba, ukungu, au kunguru aliyegonga bawa, ukaamini bila hata kuuliza. Kwetu Uholanzi dai hili linakufa baada ya miaka miwili. Itafute tiketi yako leo, waandikie leo, waulize waziwazi: nini hasa kilituchelewesha? Na wakikuita kwenye korido, usitie saini. Amka, andika.