Hatua Ishirini na Sita

Tangu barabara ipanuliwe, mtu wa miguu anatumia nusu siku kuivuka. Ukiipima kwa futi kamba ni hatua ishirini na sita tu, na magari yanayopita juu yake sasa huwahi kufika kwa dakika sita kuliko zamani, kila safari. Kwa miguu ni nusu siku. Wavukaji wamezoea. Wanabeba maji na mkeka, na wakifika katikati wanapumzika.

Fundi cherehani mmoja humpelekea mama yake uji ng'ambo. Hutoka saa kumi na mbili asubuhi, hufika saa sita mchana, kisha hugeuza. Uji hufika umeganda.

Aliyehesabu wapitaji ni kaka yake fundi. Kabla ya ujenzi aliwekwa kando ya barabara siku tatu, na stuli na fomu yenye safu tano: malori, mabasi, magari madogo, pikipiki, waenda kwa miguu. Hao wa mwisho walikuwa wengi kama siafu. Kufika saa tatu alichoka mkono, akapiga mstari kwenye safu yao. Dada yake alivuka mbele yake mara sita kila siku, na kila mara alimsalimia.

Barabara ilipokwisha, kaka alikwenda ofisi ya ujenzi kurekebisha hesabu. Mchumi wa hapo, kijana mpole, aliifungua faili.

"Mzee, hapa uliandika sifuri."

"Nilipiga mstari."

"Kwetu ni sifuri. Tukaweka faida huku, hasara kule, ikaonekana kivuko cha waenda kwa miguu hakilipi."

"Lakini watu wanavuka, mwanangu."

Mchumi alichungulia dirishani. Watu walikuwa katikati ya lami, wadogo kama punje za mtama kwa umbali.

"Nawaona," alisema. "Ila lami imeshakauka, mzee wangu."

Jioni kaka alimsubiri dada yake ukingoni, akamweleza yote. Dada alitua kikapu, akavua kiatu, akakung'uta vumbi.

"Nilikuwa nakuona umeinama, kaka. Nikajua unaniandika."

Kaka aliahidi watapokezana. Mpaka leo amevuka mara mbili. Kazini huenda kwa basi, naye huwahi kwa dakika sita.

Mama alikuwa akila mara tatu kwa siku. Sasa anakula mara moja. Mezani kwa fundi kuna nguo zilizokatwa, hazijashonwa: mashati kumi na moja, sketi nne za shule, na shuka moja jeupe aliloagiza mama mwenyewe.