Wimbo wa Kukamulia Shuka

Shuka za wodi namba tatu huja zimefungwa fundo, na anayezifungua hujifunza mapema kubana pumzi. Asubuhi hiyo Kinanda alifungua fundo la nne, akazitosa shuka kwenye karo la dawa, akazikoroga kwa mti. Miaka tisa anafanya hivyo, na bado ni kibarua. Akiulizwa anafanya kazi wapi anasema hospitali, anaishia hapo hapo, asije akaulizwa cheo.

Kinanda si jina lake. Kwaya ya wafanyakazi wa hospitali haina kinanda cha kweli, basi yeye ndiye hutoa sauti ya kwanza, na wenzake humfuata hata akikosea. Nyimbo pia hutunga yeye. Hajui kuandika noti wala nini. Hutunga wakati wa kukamua. Shuka moja hukamuliwa na watu wawili, huyu ncha hii, yule ncha ile, wanazungusha kinyume mpaka maji yaishe, na bila wimbo mikono haiendi pamoja. Mwenzake ni Shangazi, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale, ila amewazidi wote umri na maneno.

Wimbo wanaoupenda kuliko zote ulikuja mwaka aliolazwa mama yake, wodi hiyo hiyo namba tatu. Kinanda alikuwa akifua shuka za mama yake mwenyewe, mikono imo majini, maneno yakaja: Mungu umeniona, nimeinama hapa chini, hukunipita. Mama hakupona. Lakini aliusikia kila Jumatano kwaya ilipopita wodini, na alikuwa akiufuata kwa vidole juu ya blanketi. Siku ya mazishi Kinanda alimwambia Mungu wimbo huu ni wako, simpi mwingine. Alisema kimoyomoyo, lakini alisema.

Saa tatu Katibu wa hospitali akatokea pale karoni, jambo ambalo halikuwahi kutokea, viatu vyake vikikwepa madimbwi. Akaeleza kwamba saa nane Mheshimiwa anakuja kuzindua mashine mpya ya kufulia, na kwaya itamwimbia ule wimbo wao mzuri. Ila penye Mungu waweke Mheshimiwa.

"Ni neno moja tu," alisema. "Refu kidogo, lakini wewe fundi, utalibana."

Kinanda akasema ule ni wimbo wa ibada. Katibu akajibu kwa upole kabisa kwamba ibada hakuna aliyeikataza. Kisha akapapasa mfuko wa koti. Humo, alisema, mlikuwa na orodha ya vibarua sita wanaoajiriwa rasmi, itasomwa mbele ya mgeni, na jina la Kinanda ni la pili. Hangependa kulikata dakika za mwisho. Akaondoka na viatu vyake vikavu.

Jamani, miaka tisa. Kinanda alimfikiria binti yake, akafikiria mwezi ule alioumwa homa na kuja kufua hivyo hivyo, kwa sababu kibarua hana ruhusa ya kuugua. Akaona aibu kwamba ameshaamua kukubali.

"Imba tu, mwanangu," Shangazi akamwambia. "Mungu si mtoto, atakuelewa."

Wakaujaribu kwenye shuka iliyofuata. Neno lile refu likafika mahali mikono inapotakiwa kugeuka, Shangazi akawahi, Kinanda akachelewa, shuka ikawaponyoka ikaangukia kwenye tope. Wakaisuuza upya. Ya pili nayo hivyo hivyo. Ya tatu waliikamua kimya, na mchana kwaya nzima ilifanya mazoezi ya maneno mapya ikiwa imesimama, mikono mgongoni.

Saa nane ikawa saa kumi, ndipo Mheshimiwa akafika. Mashine ilikuwa imefungwa utepe. Kinanda, ambaye macho yake yamezoea kutafuta madoa, aliona waya umeviringwa nyuma ya mashine, haujaunganishwa popote. Fundi umeme alikuwa amesema tangu wiki iliyopita kwamba umeme wa hospitali hauwezi kuibeba. Mheshimiwa akakata utepe, akabonyeza kitufe, akapigiwa makofi. Hakuna kilichozunguka.

Katibu akaipa kwaya ishara.

Madirisha ya wodi namba tatu yalikuwa wazi, na wagonjwa wanaoweza kusimama walikuwa wamesogea kusikiliza. Bibi mmoja alikuwa amepitisha mkono kwenye nondo, vidole vinasubiri. Kinanda alimfahamu kwa shuka zake. Akafungua kinywa kuimba maneno mapya, na hakuweza.

"Mungu umeniona," akaanza.

Kwaya ilishtuka kidogo tu. Halafu wakamfuata, kama walivyozoea, Shangazi akiwa wa kwanza. Mheshimiwa alikuwa akimnong'oneza mpambe wake. Akatikisa kichwa kufuata mdundo, akatabasamu. Katibu hakutabasamu. Alitoa karatasi na kalamu.

Yalisomwa majina matano. La pili lilikuwa la mtu wa stoo.

Iliuma. Kinanda hakujifanya shujaa. Alirudi karoni akilia, pua inachuruzika, akajiuliza atamwambia nini binti yake. Mashine ilikuwa imefunikwa turubai, na pembeni fundo la jioni la wodi namba tatu lilikuwa linasubiri. Akalifungua. Akaloweka, akafua, akasuuza.

Shangazi akashika ncha ya shuka ya kwanza, akakaa tayari kuzungusha.

Kinanda akashika ncha yake. Akafuta pua kwa mkono wa nguo. Kisha akaanzisha: Mungu umeniona.