Uso Huanzia Gizani

Metodi, Mbulgaria wa ukoo wa wachoraji wa picha takatifu za makanisa, alikuwa amebakiwa na siku tisa za kukaa Maskati. Serikali ya kwao, isiyowapenda watakatifu, ilimpeleka Unguja mwaka 1965 kuchora mabango ya wakulima wenye misuli. Huko akajifunza Kiswahili, akachoka na misuli, na mwaka huu wa 1970 akatorokea Oman. Sasa alihitaji barua ya mdhamini mwenyeji. Akiikosa, atapakiwa melini arudishwe kwao, ambako watoro hawapokewi kwa halua.

Barua hiyo aliahidiwa na Bwana Sleyum bin Ishaq, aliyekimbia Unguja na sanduku moja la nguo na matatu ya karatasi za nasaba. Miaka mingi Bwana Sleyum alifundisha kwamba picha hufukuza malaika nyumbani. Aliposikia kuwa wakubwa wapya wa serikali ya Oman wametundika zao barazani, alipekua vitabu hata akaipata rukhsa. Malaika hawakuulizwa.

“Nnataka uso wenye haiba,” alimwambia Metodi. “Sheikh Marhoon wa wizara anakuja Ijumaa. Anatafuta mkurugenzi mwenye asili.”

Metodi alifanya kazi kama alivyofundishwa na babu yake. Alifunga saumu siku mbili, akaupaka ubao chokaa iliyochanganywa na gundi, akakoroga rangi kwa kiini cha yai. Kisha akaufunika uso wote kwa rangi moja nzito, ya zeituni iliyoiva, jirani ya weusi, akarudishia juu yake mistari ya macho, pua na mdomo. Kwani katika kazi ile uso huanzia gizani, na nuru huongezwa tabaka juu ya tabaka, mpaka paji na mashavu yawake.

Alhamisi Bwana Sleyum alishindwa kungoja, akafunua kitambaa.

“Huyu nani?”

“Wewe, Bwana. Bado sijamaliza.”

“Mimi? Umenipaka makaa? Wazee wangu Waarabu wa Nizwa.”

Mkewe, Bi Kheiria, aliyeingia na kahawa, aliutazama ubao kwa utulivu, kisha mumewe. “Mbona amepatia, Baba Yaarub? Ni bibi yako Masouda hasa, yule wa Makunduchi, shamba Unguja. Pua ile ile.”

“Bibi Masouda alikuwa ameungua jua.”

“Miaka themanini?”

Bwana Sleyum akamgeukia Metodi. “Paka nyeupe, leo hii. Au hupati barua.”

“Nikiipaka sasa, Bwana, utakuwa kama maiti aliyemwagiwa unga. Nipe siku nne.”

“Maiti mwenye asili si haba.”

Metodi aliitazama brashi. Kwa miaka mitano alikuwa amechora uongo wa serikali mbili, ya kwao na ya Unguja. Lakini uso ulioanza kufunguka hakuwahi kuuziba. Akaiweka brashi chini, na tumaini la barua pamoja nayo, akaenda uani alikopewa chumba, kufunga mizigo yake.

Ijumaa baada ya sala, Sheikh Marhoon aliingia. Ubao ulikuwa palepale chini ya kitambaa, rangi mbichi, hapana aliyethubutu kuushika. Sheikh, mtu asiyeweza kupita kitu kilichofunikwa, akakifunua.

“Mashallah. Uso wa mtu mwaminifu. Nani huyu?”

Bwana Sleyum akawahi kujibu. “Mtumishi wetu wa zamani, Sheikh. Marehemu.”

“Na mchoraji?”

“Mbulgaria, yuko uani anafunga mizigo,” Bi Kheiria alijibu nyuma ya pazia, kabla mumewe hajapata la kusema.

Metodi akaitwa. “Wizara yangu haina hata mtu wa kuandika kibao cha mlangoni,” alisema Sheikh. “Nitakudhamini mimi. Picha hii naichukua, ukaimalize kwangu. Bwana anayemkumbuka mtumishi wake namna hii ana unyenyekevu.”

Bwana Sleyum aliinamisha kichwa akashukuru.

Siku nne Metodi aliongeza nuru: paji la uso, ncha ya pua, chini ya macho. Hakuisahau hata chunjua ya kidevuni mwa Bwana Sleyum. Alikuwa juu ya ngazi akiitundika picha barazani kwa Sheikh, siku Bwana Sleyum alipokuja kuulizia ukurugenzi, akakaribishwa kuketi chini ya picha hiyo hasa.

Sheikh Marhoon alimtazama mgeni, akaitazama picha, akamtazama tena mgeni.

“Huyu marehemu, Bwana Sleyum, mlikuwa na udugu?”

Bwana Sleyum alitwaa tende.

“Wa kunyonya ziwa moja tu, Sheikh.”