King'ora cha Jumatano

Roberta aliegesha gari chini ya mti wenye kivuli, akashusha vioo vyote, akanigeukia. "Baba, jifanye hupo."

"Maisha yangu yote nimejifunza kuwepo," nikamwambia. "Nipe muda kidogo."

Hakucheka; akashuka, akaingia ndani kuonana na mama mwenye nyumba. Tangazo la nyumba lilisema mpangaji mmoja tu. Katika mji huu wa chuo, wanafunzi huwa wameshazishika nyumba za kuanzia Agosti, masomo yanapoanza, tangu mwaka uliotangulia, na hii ndiyo pekee iliyobaki. Binti yangu, na mvi zake, alikuwa amekubaliwa kwenye masomo ya jioni ya uuguzi. Tukiikosa nyumba hii, ama nipelekwe kwenye makao ya wazee, ama yeye ayaache masomo tubaki kule shambani. Alikuwa ameshaamua kuacha. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Nikafumba macho, nikaomba. "Bwana, tunamdanganya huyu mama, nawe unaona. Tupe nyumba, lakini kwanza tupe njia ya kusema kweli." Kabla sijafika amina, king'ora kikalia.

Kwetu shambani king'ora cha kimbunga, cha kuwaonya watu wakimbilie chini ya ardhi, hujaribiwa Jumamosi asubuhi. Leo ilikuwa Jumatano, saa sita mchana, na upande wa magharibi kulikuwa na wingu. Nikashika fimbo nitoke. Magoti yakakataa.

Mlango wa nyumba ukafunguka kwa kishindo. Roberta akaja mbio, kiatu kimoja mguuni. "Baba! Toka! Twende chini!" Akanishika kiunoni, akaninyanyua kama gunia la mahindi. Tukapanda kibarazani, tukakatiza jikoni, tukampita mama mwenye nywele nyeupe aliyesimama na mkate mkononi, tukashuka ngazi hadi chumba cha chini ya ardhi. Akanisukuma kwenye kona, akanifunika kwa mwili wake.

King'ora kikapanda, kikashuka, kikanyamaza.

Juu ya ngazi sauti ikauliza, "Mmemaliza?"

"Bibi Tjaden, shuka upesi!" Roberta akapiga kelele.

"Nishuke nifanye nini? Leo Jumatano ya kwanza ya mwezi, mwanangu. Wanajaribu tu. Mimi kikilia hicho ndiyo najua saa ya kula imefika." Akatafuna. "Na huyo mzee umemwokota wapi?"

Roberta akainuka polepole. "Ni baba yangu. Nilimficha kwenye gari kwa sababu ya lile tangazo. Nisamehe, mama. Tunaondoka."

"Kwenye gari? Na joto hili? Ulitaka kumchemsha?"

"Vioo vilikuwa wazi," nikamtetea.

"Wewe mzee nyamaza, mlipanga pamoja." Akashuka ngazi chache, akanikagua. "Lile neno 'mpangaji mmoja' ni kwa ajili ya wavulana wa chuo. Mwaka jana alipanga mmoja, wakalala saba, na mbuzi. Wewe una mbuzi?"

"Sina. Nina redio ya kusikilizia mpira."

"Sauti ya chini?"

"Masikio yangu hayakubali."

Bibi Tjaden akashusha pumzi. "Nimeishi hapa tangu nilipoolewa. King'ora kikilia, mgeni asiyejua hukimbilia ndani. Leo ndiyo mara ya kwanza namwona mtu anakimbilia nje." Akamtazama Roberta na ule mguu wake usio na kiatu. "Chumba cha nyuma ya jikoni hakina ngazi. Mpe yeye. Wewe utalala juu, ukasome."

Roberta akaketi pale pale kwenye ngazi, akalia na kucheka kwa pamoja, kama alivyokuwa akifanya utotoni. Mimi mabega yalilegea hadi fimbo ikaniponyoka. Ndipo nilipokumbuka.

"Amina," nikasema.

"Amina ya nini?" Bibi Tjaden akauliza.

"Ya kule garini. Nilikuwa sijamaliza."

"Haya, njooni juu," akasema. "Nusu ya mkate imebaki, na hiyo nayo inahitaji kuombewa."