Manne, Manane, Mawili

Kwa jina la Mola amjuaye aliye safarini na aliyefika, twaanza.

Halfani alikuwa muuza kanga wa Iringa, mkewe akiitwa Mwanakhamisi, na mwana wao Bushiri alikuwa mchochea moto wa injini katika reli ya kati. Jirani yao alikuwa Othmani, ambaye mwanawe Kalinga alifanya kazi iyo hiyo. Kwa kuwa Iringa haikuwa na reli, Halfani aliwafundisha watu barazani kwa kokwa za tende: injini za kale zilikuwa na magurudumu machache; mizigo ilipozidi, yakaongezwa, ili uzito ugawanyike reli zisipinde. Ya Bushiri ilikuwa na manne madogo mbele, manane makubwa ya kuvuta, na mawili madogo nyuma; ya Kalinga ilikuwa na mawili tu mbele.

Masika moja ya miaka ya hamsini, Gideoni, mkulima wa pareto wa Mbeya aliyezoea kupumzika barazani hapo safarini, alishuka basi la kutoka Dodoma, uso umemsawajika.

"Mzee Halfani, mafuriko yamekata reli. Injini imelala ubavu mtoni. Waliokuwemo hawakupona."

"Uliyaona magurudumu?"

"Niliyahesabu kama ulivyotufunza. Manne, manane, mawili."

Mwanakhamisi akaanguka. Othmani akashika kila jambo: akachinja mbuzi wake, akaita wasomaji, akamwegemeza Halfani kifuani. "Jikaze, ndugu yangu. Mwanao ni mwanangu."

Siku ya tatu, hitima ikisomwa, Bushiri akasimama mlangoni, mzima. Juzuu zikawaponyoka watu. Halfani akampapasa mwanawe mashavu.

"We mtoto!" akapiga kelele shangazi yake, Chiku. "Tumekulilia hadi sauti zimetukauka, nawe waja kula pilau la matanga yako?"

Watu wakacheka huku wakilia. Bushiri hakucheka.

"Si injini yangu, baba. Ni ile mpya, injini mbili zibebazo boila moja, tangi la kuchemshia maji, kati yazo: manne, manane, mawili, kisha mawili, manane, manne. Gideoni aliona nusu. Nusu nyingine ilikuwa imezama."

"Alhamdulillahi!" akanadi Halfani. Ndipo alipoona kwamba mwanawe anamtazama Othmani, aliyeshika sinia la nyama.

"Nani alikuwamo?" akauliza Othmani.

"Ami... Kalinga alihamishiwa humo majuzi tu. Tumemzika Dodoma. Nimetumwa kwako."

Sinia likaanguka. Halfani akaona haya kwa shukrani aliyoinadi. Akamkumbatia jirani yake. Msomaji akauliza, kwa sauti ya chini, jina la marehemu. Halfani ndiye aliyelitaja, na hitima ikaendelea kutoka aya ilipokatikia.

Mola amrehemu Kalinga, awape subira waliobaki nyuma yake, na awarudishe salama walio njiani. Amina.